Petroli Bila Oili

Kila asubuhi baada ya chai, Kuluthumu aliketi uani kuutayarisha msumeno wa mashine wa baba yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake, Mahmudi, alikuwa fundi wa kuunda mashua kisiwani Koyama, kusini mwa Somalia, na kwa msumeno huo alipasua magogo. Kuluthumu alilipangusa chujio la hewa lililojaa unga wa mbao, kisha akachanganya mafuta: oili kipimo kimoja, petroli vipimo ishirini na tano.

"Injini hii haina tangi la oili yake," baba alikuwa amemfundisha. "Huipata ndani ya petroli. Ukiinyima, vyuma vinasagana mpaka vinashikana."

Asubuhi moja ya mwaka 1992, Kuluthumu aliigonga chupa ya oili kwa mguu bila kukusudia. Oili yote ikanywewa na mchanga. Ilikuwa chupa ya mwisho, na kwa sababu ya vita bidhaa zilikuwa haziji tena kutoka Kismayu. Kwa hofu ya kugombezwa, akaujaza msumeno petroli tupu.

"Umetia oili?" baba aliuliza.

"Nimetia," alijibu bila kumtazama.

Alijiambia kwamba atasema kweli kabla kazi haijaanza. Lakini punde si punde milio ya risasi ikasikika pwani. Watu wenye bunduki walikuwa wameshuka kutoka kwenye boti. Jirani yao, Mzee Omar, aliwakatalia injini ya mashua yake. Walimpiga risasi papo hapo mlangoni pake, na hakuinuka tena. Barke, mama yake Kuluthumu, alimkumbatia bintiye na kumziba macho, lakini Kuluthumu alikuwa ameshaona.

Watu wanne waliingia uani. Mkubwa wao aliyaelekezea magogo mtutu wa bunduki.

"Yakate vipande vifupi," alimwambia Mahmudi kwa Kisomali. "Tunakwenda kujenga kizuizi cha barabara huko bara. Haraka!"

Mahmudi aliwasha msumeno. Kuluthumu alitaka kusema, lakini alipozitazama bunduki akajibana kwa mama yake. Baba alipotaka kuipumzisha injini, yule mkubwa alimpiga teke la mgongo. "Kaza!" Injini ikalia kwa sauti kali, ikatoa harufu ya chuma kilichoungua, ikazima ghafla. Mahmudi alivuta kamba, nayo haikusogea hata kidogo.

"Umeiharibu makusudi!"

Kitako cha bunduki kilishuka juu ya mkono wa Mahmudi, mfupa ukalia. Alianguka akigumia kwa maumivu. Yule mtu akamwekea mtutu kwenye kisogo.

Kuluthumu alijichomoa mikononi mwa mama yake.

"Ami, usimuue!" alilia kwa Kisomali. "Ni mimi! Nilimwaga oili, nikatia petroli tupu. Baba hajui, nilimdanganya!"

"Unamkinga baba yako tu."

"Jaribuni wenyewe!" Alifungua tangi, akajimwagia petroli kiganjani. Ilipokauka, akakinyoosha kiganja. "Ingekuwa na oili, mkono ungeteleza."

Mmoja wao, kijana aliyeitwa Nabil, alikuwa fundi wa magari kabla ya vita. Alikigusa kile kiganja, akanusa. "Mtoto asema kweli," alisema. "Mkavu kabisa."

Mkubwa wao alimzaba Kuluthumu kofi lililomwangusha chini. Lakini bunduki aliiondoa. Wakabeba petroli yote, wakachoma nyumba mbili, wakaenda zao.

Siku hiyo hiyo, baada ya kumzika Mzee Omar, familia ilikimbia kwa mashua kupitia Ras Kamboni hadi Kenya. Mahmudi aliubeba msumeno wake kwa mkono mmoja.

Huko Mombasa, fundi wa mashine aliyeitwa Shee aliifungua injini. Pistoni ilikuwa imechubuka yote. "Hii imeuawa na ukavu," alisema. Baada ya miezi miwili alipata pistoni na silinda za msumeno mwingine mbovu, akazifunga, na injini ikawaka.

Kuluthumu hakufurahi. Aliutazama mkono wa baba yake, uliokuwa umeunga kwa kupinda, akaanza kulia.

"Baba, nimekuvunja mkono."

Mahmudi alimketisha kando yake.

"Sikiliza, mwanangu. Mkono wangu umevunjwa na mtu aliyekuwa na bunduki. Dhambi hiyo ni yake, usijitwike. Injini uliiharibu wewe, nayo fundi ameitengeneza. Kumwaga oili si kosa. Kila mtu humwaga. Kosa lako ni neno moja, 'nimetia.' Ungeniambia 'imemwagika,' nisingeuwasha msumeno. Na siku ile ulisema kweli mbele ya bunduki, mahali ambapo watu wazima tulinyamaza. Basi kama uliweza kuisema pale, usiogope tena kuisema mbele ya baba yako."

Kuluthumu alifuta machozi. "Sitaogopa, baba," alisema.