Kitanda cha Wanachama Kumi na Mmoja

Ujumbe uliingia saa sita na nusu mchana, Sindano akiwa amepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu, mdomoni kabana misumari midogo minne.

"Mpenzi, kitanda kimepita. Kura kumi na moja kwa sifuri."

Aliusoma mara mbili. Akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaandika: "Kimepita kwenda wapi?"

"Kwa mlinzi wetu. Mkewe kajifungua mapacha, wanalala kwenye sementi. Jioni nitakueleza vizuri."

Karakana ya ushirika ina mafundi seremala kumi na mmoja, na mmoja wao ndiye Komredi, huyu mchumba wake. Hesabu haikuhitaji vidole. Akampigia.

"Wewe ulipiga kura gani?"

Komredi aliziba sikio moja. Nyuma yake msumeno wa umeme ulikuwa unalia.

"Nilinyoosha mkono," alisema.

"Wa ndiyo."

"Wa ndiyo."

Sindano akakata simu, akarudisha misumari mdomoni, akaendelea kupigilia kitambaa. Kochi la watu halikuwa na kosa lolote.

Ngoja niwaambie habari za kitanda chenyewe, msije mkadhani huyu dada ana makuu. Uchumba wao ulikuwa na miaka minne. Mwanamume yule jina la Komredi hakupewa bure: aliamini kwa moyo wote kwamba ipo siku watu watafanya kazi pamoja na kugawana pamoja, na hakuna atakayemwita mwenzake bosi. Sindano alimpendea hayo hayo. Hakumwomba ukumbi wala gari la maua. Alimwomba kitanda kimoja, kilichotoka mikononi mwake mwenyewe, ndipo waoane.

Sasa pale ushirika kila fundi ana zamu ya wiki moja kwa mwaka kutumia mashine kwa shughuli yake binafsi. Mwaka wa kwanza Komredi alimwachia zamu mwenzake aliyekuwa anapaua nyumba. Mwaka wa pili akamwachia mwingine aliyetaka kumchongea baba yake jeneza, na hapo nani angebisha? Mwaka wa tatu waliketi kujadili zamu ianzie kwa nani, wakajadili mpaka wiki ikaisha. Mwaka huu, hatimaye, kitanda kikasimama. Mbao ngumu, na kichwani amechonga mstari mrefu wa vitone kama mshono. Sindano alikipapasa, akaenda kumwambia mama yake mdogo aanze kutafuta tarehe.

Kosa likaja siku ya mwisho. Kila kinachotoka kwenye meza za karakana ile hupigwa muhuri wa chuma cha moto: MALI YA WANACHAMA. Komredi ameupiga muhuri huo miaka tisa, mkono unakwenda wenyewe kama wa mtu anayefunga vifungo vya shati. Alipozinduka, herufi zilishaingia kwenye ubao na moshi unapanda. Na katiba ya ushirika haina kona: chenye muhuri ni cha wote, na kisichouzwa hupewa mwenye shida kuliko wengine.

Sindano alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja karakana. Wenzake Komredi walipomwona mlangoni wakakumbuka wote kwa pamoja kwamba wana haraka ya kwenda nyumbani. Wakabaki wawili, wamesimama kwenye maranda.

"Ungewaambia ni kosa. Ungesema mkono uliteleza."

"Niliwaambia. Wakaniuliza, kati ya mchumba wako na watoto wachanga wawili, nani ana shida zaidi? Ningejibu nini?"

Sindano alikuwa amechoka, mgongo unamuuma tangu asubuhi. Alitaka aseme mawili tu aende zake, lakini maneno yakatoka na ya zamani.

"Mimi nafanya kazi kwa bepari, Komredi, na siogopi kusema. Kule kochi likiahidiwa Ijumaa, linatoka Ijumaa. Nikishona mawili, napata ya mawili. Hapa mna yule bwana anayesinzia mkutano mzima, akiamka anapiga kura, na fungu lake ni sawa na lako."

"Yule alivunjika mguu mwaka juzi. Miezi mitano hakushika randa, na jiko lake halikuzima hata siku moja. Kwa tajiri wako angekuwa wapi?"

"Angekuwa nyumbani kwake, ameachishwa."

"Basi."

"Basi nini? Hapo nakubali. Na wewe lile la Ijumaa unalikubali, ila hutaki kulisema. Haya tumeyasema miaka minne, nimechoka nayo. Sikuulizi dunia iendeshweje. Nakuuliza hivi: mikono kumi na moja, hata mmoja haukubaki chini kwa ajili yangu?"

"Ningekuwa peke yangu, mpenzi. Na kitanda kingepita vilevile."

"Kingepita. Lakini mimi ningejua nina mtu."

Sindano akavua pete, akaitupia kwenye sanduku la zana, lile ambalo kila mwanachama huchukua anachotaka.

"Nayo ipigieni kura," alisema, akaondoka.

Habari zina miguu. Kesho yake asubuhi tajiri mwenyewe, mwenye kiwanda cha makochi, alimwita Sindano kwenye chumba cha maonyesho. Si mtu mbaya, tusimsingizie. Anamjua fundi mzuri na hapendi kumwona amenuna. Akamwonyesha vitanda saba, akamwambia achague kimoja, zawadi, kuwe na harusi kusiwe na harusi. Kwake hakuna mikutano, alisema. Akisema ndiyo, ni ndiyo.

Sindano akajilaza kwenye cha tatu, viatu nje. Kilimpokea mgongo vizuri mno, na nusura usingizi umchukue pale pale mbele ya bosi. Kisha akauliza:

"Yule mama aliyekuwa anashona kwenye mashine yangu kabla sijaja, yuko wapi siku hizi?"

"Macho yalimshinda. Tuliachana kwa wema."

"Kwa kura ngapi?"

Tajiri alicheka, akadhani ni utani. Sindano naye akatabasamu, akavaa viatu, akaomba apewe wiki mbili za kufikiri. Alirudi kwenye mashine yake akiwapima wale wawili. Tajiri, ndiyo yake ni moja na hapana yake ni moja, na zote anazo mfukoni mwake. Komredi ana ndiyo za kugawa mtaa mzima, ila hapana hana hata ya dawa. Yeye atakwenda kulala wapi?

Wiki mbili zikapita. Komredi hakupiga simu, na hilo lilimuuma Sindano kuliko alivyotarajia, maana alijipanga vizuri kabisa kutopokea.

Jumamosi mchana simu ikaita. Mama mdogo.

"Mwanangu, njoo nyumbani. Kuna mtu anakata mbao uani kwangu tangu asubuhi. Nashindwa nimpe chai au nimfukuze, maana sijui ni mkwe au ni mpita njia."

Alimkuta amevua shati, amechuchumaa, msumeno wa mkono unakwenda na kurudi. Viganja vimetoka malengelenge. Kando yake kitanda kilikuwa karibu kukamilika, hakijanyooka sana, na hakina muhuri popote.

"Mbona msumeno wa mkono? Karakana imefungwa?"

"Haijafungwa." Komredi hakuinua uso. "Niliitisha mkutano. Nikaomba wiki moja nyingine ya mashine. Nikawaambia kile kitanda kilikuwa cha watu wawili, na mimi nilikitoa kama changu peke yangu. Wakapiga kura."

"Ikawaje?"

"Kumi kwa moja."

"Hizo kumi za nini?"

"Za hapana."

Sindano akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Na ile moja?"

"Yangu."

Machozi yakamtoka, na yalimkasirisha, maana alishaapa kuwa yamekwisha. Akayafuta kwa kiwiko.

"Ulijisikiaje kuwa peke yako?"

"Vibaya. Mkono ulikuwa mzito kama si wangu. Nilijiona kama bepari."

Hapo Sindano akacheka, cheko la mtu aliyechoka, lakini cheko. Kisha akasema lile ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Nilikwenda kwa mlinzi kukiona. Mapacha wamelazwa kwa upana, na mama yao kalala kinywa wazi kama hajalala mwaka mzima. Ningekuwa kwenye mkutano wenu, na mimi ningenyoosha mkono."

Komredi akaweka msumeno chini. "Wa ndiyo?"

"Wa ndiyo. Lakini hamkuniuliza."

"Hatukukuuliza," alisema. Kisha akajisahihisha. "Sikukuuliza. Nisamehe."

Sindano akamwambia kwamba Jumatatu tajiri atabaki na kitanda chake, ila kazi haachi, na mtu asije akamhubiria. Komredi akasema hatahubiri. Kisha akaongeza kwamba atajitahidi.

"Na pete?" Sindano aliuliza. "Mkutano uliamua nini?"

"Sikuipeleka mkutanoni." Akaitoa kwenye mfuko wa suruali, ikiwa imezungushiwa kipande cha msasa. "Niliificha."

"Umeficha mali ya wanachama?"

"Nimeificha, na siirudishi."

Wakakiinua kitanda, wakakisimamisha kwenye sementi. Kikayumba. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole.

"Tuipunguze hii mitatu," alisema Sindano. "Ilingane."

"Tuongezee kipande huu mmoja. Mwenye upungufu huongezewa."

"Kipande kitachomoka kila ukigeuka usingizini."

"Basi tupige kura."

Akanyoosha mkono wake, na Sindano akanyoosha wake, wametazamana kama watoto waliogombana. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na chai aliyoamua hatimaye kuileta.

"Ngapi kwa ngapi?" aliuliza.

"Moja kwa moja," walijibu.

"Moja kwa moja? Basi hilo ndilo nililokuwa nangoja." Akaweka chai chini, akaingia ndani kutafuta simu awapigie ndugu kuwapa tarehe.

Walioana, na kila mmoja bado anakwenda kwenye kazi yake ile ile. Mguu ule haujaguswa. Wameuwekea gazeti lililokunjwa, kwa muda tu, mpaka upande mmoja upate kura ya pili.