Feni ya Naqi Kwenye Ufuo wa Bweni

Injini ilikohoa, ikanyamaza, na gari likasimama katikati ya ufuo huku maji yakianza kujaa.

"Si hapa, jamani!" Thuwaiba aliupiga usukani kiganja. "Popote pale, lakini si hapa!"

Upande mmoja ilikuwa bahari. Upande wa pili mikoko, imesongamana hata mbuzi hapenyi. Mvua ilikuwa imeikata barabara ya Bweni, na boti ya hifadhi ya bahari ilikuwa Utende, mbali kabisa upande wa kusini. Njia iliyobaki ya kufika hospitali ya Kilindoni ni mchanga huu, na mchanga huu maji yakijaa hauonekani tena.

Nyuma, juu ya godoro, alilala Muhidini, mvuvi aliyechomwa pajani na mwiba wa samaki taa. Mkewe, Somoe, alikuwa ameligandamiza jeraha kwa khanga iliyolowa damu.

"Nikilegeza tu, inatoka," alisema. "Bi Thuwaiba, fanya hima."

Thuwaiba alifungua boneti. Joto lilimvamia usoni. Gari hilo kuukuu la jeshi marehemu baba yake alilinunua mnadani, naye hulitumia kubebea nazi za Baleni. Maradhi yake aliyajua. Alitema mate kwenye pampu ya petroli. Yakachemka.

"Pampu imekaa karibu mno na ekzosi," alimwambia Naqi, muuza duka wa Kilindoni aliyeomba lifti asubuhi. "Petroli inageuka mvuke humo ndani. Injini haipati kitu."

Walichovya kitambaa baharini, wakaifunika pampu. Injini ikawaka, wakashangilia, wakaenda kama urefu wa kiwanja cha mpira. Ikazima tena. Sasa mawimbi yalikuwa yanalamba tairi.

"Maji," Muhidini alinong'ona. Midomo yake ilikuwa imepauka.

Somoe alimnywesha kwa kifuniko cha chupa, kidogo kidogo.

Thuwaiba aliitazama pampu. Gari likisimama, upepo wa bahari unaipoza. Likienda, joto lote la injini linaiangukia. Inataka upepo wake yenyewe, alijiambia. Akageuka ghafla.

"Naqi! Mzigo wako una nini?"

"Tochi, redio, na feni mbili ndogo za sola zilizobaki."

"Lete feni!"

Naqi aliunga nyaya kwenye vichwa vya betri kwa haraka. Feni ililia kama nyigu, ikatoa moshi, ikafa. Wote wawili walikodoa macho. Maji yalikuwa yamefika vifundoni.

"Mimi nimeiua," Naqi alisema.

"Subiri." Thuwaiba alifumba macho, akaziona tena betri zile mbili alivyokuwa akizisafisha na baba yake. "Gari la jeshi limeunganisha betri mbili, umeme wake ni maradufu. Feni yako inataka wa betri moja. Chukua ile ya pili, usiiunge kwenye betri zote mbili. Funga nyaya zote kwenye hii ya kulia peke yake."

Alipasua debe la mafuta kwa kisu, akaliingiza bati kati ya ekzosi na pampu. Kiganja kikachanika, hakusimama. Wakaifunga feni kwa vipande vya tyubu, uso wake ukiielekea pampu. Naqi aligusisha waya.

Feni ikazunguka taratibu, safi, ikivuma.

Boneti waliitupa mikokoni. Wimbi lilipovunjika ubavuni mwa gari, Thuwaiba alibonyeza stata. Injini ikanguruma. Tairi zikazama, zikateleza, zikashika.

"Usiache, mama, usiache!" Naqi alipiga kelele, amening'inia mlangoni kuilinda feni isilegee. Maji yalirushwa juu ya kioo. Thuwaiba hakuona mbele ila mstari mwembamba wa mchanga mkavu, akaufuata kama mtu anayetembea juu ya kamba. Hatimaye pua ya gari ikapanda, mikoko ikafunguka, na barabara ya udongo mwekundu ikajitokeza mbele yao.

Somoe alipiga kigelegele, mikono yake bado juu ya jeraha.

Hospitalini Kilindoni walipokelewa kwa machela. Daktari alishona kwa muda mrefu. Thuwaiba aliketi kibarazani, kiganja kimefungwa bendeji. Naqi aliketi kando yake, amejaa chumvi na grisi hadi masikioni.

Mlango ukafunguliwa. Somoe alitoka akicheka na kulia pamoja.

"Anauliza kama kuna chai ya tangawizi," alisema. "Na anataka na mkate wa kumimina!"

Thuwaiba aliangua kicheko hadi wauguzi wakachungulia. Kisha akasimama, akamshika Naqi mkono, wakaenda kuitafuta hiyo chai.