Kumi Kabla ya Mbili

Magharibi ilikuwa imeingia na wenzake walishaondoka, ila yeye alikuwa bado mbele ya kompyuta, akijilazimisha kumaliza kazi ya siku. Ofisini walimwita Gogo. Si kwa unene, ni kwa kulala. Mtu mzima, fundi wa video, anasinzia na kikombe cha chai mkononi! Walimcheka, naye akacheka nao, lakini mwili ulimuuma kama wa mtu aliyelima usiku kucha. Mabega. Kiuno. Viganja vilikuwa vimeota sugu, na kazi yake, jamani, ni kubonyeza vitufe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kamera inafungwa mahali panapojengwa, inapiga picha kila baada ya muda mfupi, kisha programu aliyoiandika yeye inaziunga picha zote ziwe video moja. Jengo linaota huku unaliangalia.

Simu ikalia.

"Wewe fundi, umenitumia kitu gani?" Mteja alikuwa amefura. "Nyumba yangu inaezekwa, halafu mwisho kabisa ndiyo watu wanachimba msingi! Unanichezea?"

"Samahani sana, mzee. Naishughulikia sasa hivi."

Akapiga mwayo, akaifungua programu. Kosa aliliona papo hapo. Alipoiandika upya wiki iliyopita, hoi bin taabani, alisahau kuiambia kompyuta kwamba majina ya picha ni namba. Basi ikayapanga kama maneno ya kwenye kamusi: moja, kisha kumi, kisha mia, ndipo ije mbili. Picha nyingi za mwanzo zikaangukia mwisho.

Kosa la mstari mmoja tu. Akaurekebisha, akataka kuiendesha upya...

Vidole vikasimama.

Programu hiyohiyo ndiyo aliyoitumia leo alfajiri, nyumbani.

Yalikuwa yamemfika shingoni. Kila siku kuamka umechoka kuliko ulivyolala, na hospitali wanasema huna kitu! Usiku wa jana akaiweka simu juu ya kabati, akaacha taa inawaka, simu ikampiga picha mpaka kulipopambazuka. Alipoziunga, akaona kitanda kinarukaruka, mara yumo, mara hayumo. Akadhani ni ubovu wa simu. Halafu akamwona shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, anayelala chumba cha pili. Amekaa kitandani, mdomo wazi, ananuiza. Ameinama miguuni pake na beseni, anampaka kitu. Na mwisho wa video yeye mwenyewe anainuka, macho yamefumba, anatoka mlangoni.

"Unanipeleka wapi usiku?" alimuuliza asubuhi ile. "Mimi damu yako, shangazi!"

Shangazi alimtazama kwa macho mekundu. "Baba, nikikueleza utaogopa kulala."

"Toka kwangu."

Mama wa watu hakubishana. Alijifunga kitambaa kichwani, akachukua mfuko wake mmoja, akaenda kupanda basi la kwao, safari ya kutwa nzima.

Sasa alizihamisha picha zile kwenye kompyuta ya ofisi. Akabonyeza. Akaipunguza video mwendo.

Safari hii kitanda hakikuruka.

Amelala. Mlango umefunguka kidogo. Hakuna mtu... ila vidole. Virefu, vimeshika ukingo wa mlango. Ameinuka. Ametoka. Kitanda kitupu... kitupu... Shangazi ameingia, amekaa kitandani, mdomo wazi, uso ameuelekeza nje. Picha baada ya picha, mdomo wazi. Halafu yeye amerudi, amelala, miguu imejaa udongo mpaka magotini, na shangazi ameinama na beseni.

Alikuwa akimwosha. Na kabla ya hapo, alikuwa akimwita.

"Mungu wangu, nimefanya nini?" Akalia peke yake pale ofisini bila aibu. Kisha akampigia.

"Shangazi..."

Kelele za kituo cha mabasi. "Umeshaona?" alinong'ona.

"Nisamehe. Rudi nyumbani."

"Basi la kurudi ni kesho, baba."

"Ni nani anayenichukua?"

"Uso wake sijawahi kuuona. Anakulimisha shambani kwake, hilo tu ninalijua. Akishakuchosha anakuachia, lakini njia ya kurudi huioni. Unaifuata sauti yangu."

"Na nisipoisikia?"

"Usilale, baba."

"Nimechoka, shangazi."

"Najua. Hata mimi nimechoka. Basi ukifika nyumbani nipigie, ujifunge simu sikioni kwa kitambaa. Nitakuita mpaka kuche."

Akafanya hivyo. Akanywa kahawa chungu, akanawa uso, akaegemea ukuta makusudi ili asilale. Shangazi alikuwa akimsimulia mambo ya utotoni mwake, jinsi alivyokuwa mchoyo wa sukari, naye alitabasamu kidogo. Usingizi ukamchukua hivyohivyo, wima.

Udongo baridi chini ya nyayo. Harufu ya majani yaliyooza. Giza. Jembe lilikuwa limeshamtoka mikononi, na vidole virefu vilikuwa ndiyo kwanza vinauachia mkono wake. Sikioni hakukuwa na simu wala kitambaa.

"Baba..."

Shangazi! Sauti ilitoka mbele, mbali kidogo. Akashukuru. Akapiga hatua.

"Baba... njoo."

Hii ilitoka nyuma.

Akaganda. Akajikaza, akajiambia atulie, afikiri. Shangazi wa kweli amesafiri kutwa, na usiku mwingi hajalala kwa ajili yake. Sauti yake lazima iwe imechoka. Yule mwingine, anayeshinda akitumia nguvu za watu, angeujulia wapi uchovu ule? Basi ataifuata sauti iliyochoka.

Akafumba macho. Akasikiliza ya mbele. Akasikiliza ya nyuma.

Zote mbili zilikuwa zimechoka.