Mfuko Uliolia Kuliko Yote

Kila jioni, kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, darasa la sita waligombania mpira wa kumwagilia bustani ya shule. Aliyeushika ndiye aliyekuwa bosi.

"Sasa atashika mmoja," alisema mwalimu wa kilimo. "Yule atakayeleta mbegu nyingi za marejea, zile kunde za porini zenye maua ya njano. Udongo wetu umechoka, nazo zitaurutubisha. Chumeni maganda makavu. Ukiyatikisa, mbegu zinalia ndani."

Spika, msichana aliyepewa jina hilo kwa sababu ya sauti yake, aliutaka mpira ule kufa na kupona. Lakini maganda makavu yalikuwa mbali, kwenye nyasi ndefu na miiba. Akachuma mabichi ya kando ya njia. Akayatikisa. Kimya! Basi akatia kokoto kwenye mfuko wake wa mbegu, akaufunga.

Kesho yake mwalimu aliitikisa mifuko yote sikioni. Wa Spika ulinguruma kama bati wakati wa mvua.

"Alaa! Huu ni bendi nzima!" Akampa mpira. "Haya, kila mtu apande za kwake."

Spika akawapa wenzake mgongo, akafukia kokoto.

Baada ya siku chache, matuta ya wenzake yakachipua. La Spika likabaki na kipara, ingawa lilinyweshwa kuliko yote.

"Kuku wa mlinzi wa shule wamekula mbegu," mwalimu akaamua, akamgeukia mlinzi. "Mzee, kesho waondoke hapa."

"Kuku wangu wana adabu, mwalimu!" mlinzi akalalamika, amemkumbatia jogoo. "Nitawapeleka wapi?"

Jogoo akamkodolea Spika macho. Msichana akasogea mbele.

"Mwalimu, samahani," akasema, kwa mara ya kwanza kwa sauti ndogo. "Kuku hawana kosa. Nilipanda kokoto."

Darasa likaangua kicheko. Spika akarudisha mpira, akaenda kwenye zile nyasi. Alirudi miguu imechanika, na mfuko uliolia taratibu.

Mwalimu akautikisa, kisha safari hii akaufungua. "Nami nilikosea, nilisikiliza kelele tu," alisema. "Wanangu, uongo hauoti hata ukiumwagilia kila siku. Spika amesema kweli mbele ya watu, na hilo ni gumu kuliko miiba. Mzee, tusamehe. Kuku wabaki."

"Ahsante," mlinzi akajibu, kisha akainama kwa Spika. "Ila kokoto zako, mjukuu wangu, walizidonoa kweli."