Boksi la Juu ya Tairi la Akiba

Geti la chuma lilijifunga lenyewe nyuma ya Sindano.

"Umeingia?" Sauti ya Mkuu ilitoka kwenye kidude alichokificha sikioni, chini ya kilemba.

Alikohoa. Ndiyo.

"Vijana wangu wako darajani. Hawawezi kuvamia. Wakigusa geti tu, shemeji yako anapigwa risasi. Mtoe wewe."

Kusema ni rahisi ukiwa umekaa kwenye kiti cha ofisi.

Glock yake aliiacha kwenye droo, maana fundi wa magari habebi bastola. Fundi halisi wa genge hili alikuwa mikononi mwa idara ya usalama tangu asubuhi, na simu yake ilipoita, Sindano ndiye aliyepokea, akasema anakuja badala yake. Uwongo wenyewe haukuwa mkubwa. Alikulia gereji, kwa baba yake.

Uani kulikuwa na kuta ndefu zenye vipande vya chupa juu, na pikapu mbili za aina moja. Nyeusi ilikuwa ya walinzi. Nyeupe ilibeba makasha ya viwashio vya mabomu, na katikati ya makasha, chini ya turubai, alilala mtu aliyefungwa kamba. Huyo alikuwa mkalimani wa genge, na mdogo wa mume wa Sindano. Miezi mingi aliipa idara siri zao, mpaka jana walipomgundua. Ng'ambo ya mpaka walikuwa na shimo lake tayari.

"Hili jeupe limezimika ghafla hapa hapa," alisema mkubwa wao, mzee mnene aliyeitwa Mjomba. Bastola yake, Makarov, ilikuwa kiunoni. "Lipone, dada fundi. Lisipopona, na wewe hutoki."

"Sawa, Mjomba. Washa nisikie."

Stata ilizungusha injini vizuri. Injini haikushika. Na kule nyuma kwenye tangi, pampu ya mafuta haikutoa hata mlio.

Fyuzi ilikuwa nzima. Aliweka mita kwenye waya za pampu: hakuna umeme. Akavuta waya kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye pampu. Ikanguruma.

Pampu nzima, basi. Kinachoinyima umeme ni boksi linaloiongoza, lile dogo la bati lililofungwa kwenye chasisi, juu ya tairi la akiba.

Akajisukuma uvunguni.

Palibana. Tairi lilimgandamiza kifua, na viatu vya mlinzi vilikuwa karibu na sikio lake. Juu yake, kwenye sakafu ya bodi, kulikuwa na tundu la kutolea maji ya mvua.

"Shemeji," tundu likanong'ona. "Umechelewa."

Alikuwa hajui kama angemkuta hai.

"Nyamaza. Kaka yako ananisumbua vya kutosha."

"Utanitoa?"

"Sijui bado," alisema, na ulikuwa ukweli mtupu.

Alifungua bolti, akachomoa plagi, akashika boksi. Likamuunguza vidole. Hapo akaelewa ugonjwa wake: likipata moto linakufa. Likipoa je? Mengine hufufuka kwa muda, yakawadanganya mafundi.

"Boksi la pampu limekufa," alisema alipotoka. "Nipelekwe dukani."

"Hakuna wa kutoka," Mjomba alisema. "Toa la nyeusi, weka hapa."

"Na nyeusi?"

"Tutaiacha. Mzigo kwanza."

Alihamisha la nyeusi. Nyeupe ikawaka mara moja. Lile bovu lilikuwa limelala kivulini muda wote huo. Mjomba aliliangalia kwa jicho la mtu asiyemwamini hata mama yake mzazi.

"Hebu lifunge kwenye nyeusi. Nione kama kweli limekufa."

Sindano alilifunga polepole kadiri alivyothubutu. Mlinzi akazungusha swichi.

Nyeusi ikawaka.

Makarov ya Mjomba iligusa kisogo cha Sindano. "Nani amekutuma?"

Akisema ukweli, wangesubiri boksi lipate moto, na nyeusi ingezimika mbele ya macho yao. Angeonekana fundi mzuri, na shemeji angeondoka na nyeupe.

"Plagi ilikuwa na kutu, Mjomba," alisema. "Kulichomoa na kulirudisha kumeisafisha. Boksi lilikuwa zima, nilikosea. Sasa una magari mawili, na bado unalalamika?"

Makarov ikarudi kiunoni.

Mjomba akacheka. "Haya. Twende na yote. Mimi nyeusi. Fungueni geti."

"Ngoja nipige resi hii nyeupe hewa itoke kwenye mafuta," Sindano alisema, akapanda kabla hajakatazwa.

Dereva alisimama mlangoni akimsubiri ashuke. Geti lilisogea. Likasogea tena.

Akakanyaga mafuta.

Kioo cha upande kilikwaruza geti kikang'oka. Risasi zilitoboa bodi.

"Shemeji!"

"Nipo! Endesha!"

"Wangapi nyuma?" Mkuu aliuliza.

"Mmoja. Nyeusi. Hatafika."

Lakini nyeusi iliendelea kuja. Ikala umbali. Alimwona Mjomba kwenye kioo cha ndani akitoa mkono na bastola dirishani, na akaogopa kweli, akadhani amemuua shemeji yake kwa kujifanya mjanja. Kilima kikaanza. Injini zote mbili zikalia.

Katikati ya kilima nyeusi ikakohoa. Ikapungua. Ikasimama.

Vijana wa darajani waliposhuka na silaha, Mjomba alikuwa bado anazungusha swichi, jasho likimtiririka. Sindano alisimamisha nyeupe, akatembea hadi dirishani kwake.

"Liache lipoe, Mjomba. Litawaka."

Akageuka bila kusubiri jibu. Alikata kamba za shemeji yake, akamkumbatia kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa kazini. Alitaka kumsaidia kulala vizuri bodini.

"Ah, hapana," shemeji alisema, akichechemea kuelekea mlangoni. "Sasa hivi nakaa mbele."