Mawe ya Sebuleni kwa Kaka

Haya yalimpata kaka yangu mkubwa, na mwisho wake niliuona kwa macho yangu. Kaka ni fundi mawe. Nyumba nyingi za mtaani kwao zimependeza kwa mikono yake, ila meko ya kuotea moto sebuleni kwake yalikuwa matofali matupu, meusi kwa masizi. Wifi alishachoka kusema. "Kwa watu fundi, kwetu mpangaji," alikuwa akimtania, na utani wenyewe ulishaanza kuuma.

Basi asubuhi moja kaka akaamka na ari. Akatandika turubai, akakoroga saruji, akaanza kubandika mawe bapa kuzunguka meko, mstari wa chini kwanza. Yakakaa sawasawa. Akaenda kunywa chai. Aliporudi, yote yalikuwa sakafuni. Hakuna lililovunjika. Yalikuwa yamelala kifudifudi.

Akalaumu saruji. Akakoroga nyingine, nzito zaidi. Yakaanguka. Akalaumu ukuta, akaulowesha, akapigilia wavu wa waya. Yakaanguka. Siku zikapita hivyo, vumbi limeingia hadi kwenye vikombe, wifi hasemeshiki. Kila mara kaka aliikwangua saruji iliyobaki ukutani kwa hasira, hata bila kuitazama, akaanza upya.

Mwishowe mawe yakashika hadi juu. Kaka hakungoja. Akainua ubao mzito wa rafu, akaukalisha juu ya meko kwenye vyuma vyake, yeye mwenyewe uso karibu uguse mawe. Ubao ukainama kushoto. Akaurekebisha. Ukainama kulia.

"Kazi gani hii, jamani!" akafoka.

"Inua kidogo," akasikia sauti ya mkewe.

Akainua.

"Bado kidogo."

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Povu la pima maji aliyoiweka juu ya ubao likatulia katikati. Kaka akacheka, mara ya kwanza tangu aanze. "Ungekuja mapema, mke wangu, tungeshamaliza."

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Wifi akaingia na kikapu, jasho likimtiririka. Alikuwa sokoni tangu asubuhi.

"Unaongea na nani?"

Mikono ya kaka ilikuwa bado kwenye ubao. Ndipo alipotambua kwamba sauti ile haikutoka nyuma yake.

Ilitoka mbele yake, kwenye mawe.

"Toka hapo," wifi akanong'ona. "Toka."

Jiwe moja likaachia. Jingine. Yote. Ubao ukabaki juu, umenyooka.

Safari hii kaka aliitazama saruji.

Waliniita, nikaenda jioni ile ile. Kila mahali palipokuwa na jiwe, kulikuwa na umbo la sikio kwenye saruji, limejitokeza kana kwamba limegandamizwa kutoka upande wa ukuta. Kwenye mstari wa chini masikio yalikuwa madogo, ya mtoto mchanga. Kadiri yalivyopanda, ndivyo yalivyokua. Kaka akachukua nyundo, akatoboa ukuta. Matofali tu, kisha mwanga wa uani na kamba ya nguo.

Wakahamia kwangu. Wifi hataki hata kupita njia ile.

Juzi nilienda kuwachukulia godoro. Saruji ilikuwa imekauka siku nyingi, ngumu kama chuma. Nikaligusa sikio la juu kabisa, lililo chini ya ubao, lenye tundu la hereni kama la wifi.

Lilikuwa bado bichi. Na lilikuwa na joto.