Niliwafukuza Wanawake Waliomsaidia Mke Wangu

Nina miaka sabini na miwili na ninaishi peke yangu karibu na Sosiot. Ninapika mwenyewe, ninafua mwenyewe, ninakula nikitazama ukuta. Siku nyingine jua linatua kabla sijasikia sauti yangu... Wasomaji wenzangu, msinihurumie. Upweke huu niliuleta mimi!

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha majani chai. Mke wangu Rael alibaki nyumbani na watoto wetu watatu: Kiprotich wa miaka mitano, Cherono wa miaka mitatu, na mtoto mchanga aliyekuwa bado ananyonya. Watu wakiniuliza, nilisema mke wangu hafanyi kazi. Hafanyi kazi! Alikamua ng'ombe, akachota maji, akapika uji, kisha akaingia shambani kuchuma chai, maana lori la kiwanda halingoji mtu.

Aliweza kwa sababu ya majirani. Wanawake wanne walikuwa wakichumiana chai kwa zamu. Kila siku ya kuchuma, mmoja wao alibaki kwake akiwaangalia watoto wa wote.

Siku moja nilifika nyumbani mapema pamoja na mkubwa wangu wa kazi. Zamu ya kuangalia watoto ilikuwa ya Rael. Nilikuta watoto kumi na mmoja uani, wengine uchi, wakinywa maziwa yangu.

"Hii ni boma ama ni nasari?" niliuliza kwa ukali.

Mama Cheptoo, jirani yetu, alikuwa amekuja kuchukua watoto wake. Akacheka. "Baba Kiprotich, si ushike mmoja tuone kama mkono utavunjika!"

Mkubwa wangu naye akacheka. Nilijiona kama nimevuliwa nguo... Jioni nilimwambia Rael nisione tena mtoto wa mtu kwangu, wala wangu kwa mtu.

"Na siku ya kuchuma, Baba Kiprotich, hawa nitaweka wapi?"

"Si wewe ndiye mama? Utajua."

Tangu hapo kila asubuhi aliamua peke yake nani abebwe na nani aachwe. Yule mchanga alimfunga kifuani, kikapu mgongoni. Wale wawili walibaki, Kiprotich akiwa mlinzi wa dadake. Majirani walipita njiani bila kuingia. Wiki nzima Rael hakuzungumza na mtu mzima isipokuwa mimi, nami jioni nilijificha nyuma ya gazeti. Mara moja aliniambia anaogopa. Niligeuza ukurasa.

Siku moja Cherono alisikia njaa, akavuta sufuria ya uji kutoka motoni, ukammwagikia. Kiprotich alikimbia katikati ya chai akiita, lakini mamake alikuwa mwisho wa shamba... Siku ya tatu, hospitalini, msichana wangu alikata roho.

Je, mnadhani kosa langu liliishia hapo? Kaka zake Rael walikuja kutoka Roret. Mbele yao na wazee wa kanisa, niliulizwa ni nani aliyemwacha mtoto peke yake na moto.

"Mwulizeni mamake," nikasema.

Rael alinitazama. Alikuwa akingoja niongeze neno moja tu! Sikuongeza. Naye hakujitetea. Baada ya mazishi aliwachukua watoto wawili waliobaki akarudi kwao. Nilimfuata mara mbili. Hakutoka nje hata kunisalimu.

Desemba iliyopita Kiprotich alinitembelea na mkewe na binti yao mdogo. Walitaka kwenda dukani. Nikasema, "Niachieni huyu, nitamwangalia."

Kabla sijamaliza, Kiprotich alikuwa amemnyanyua mtoto. "Wacha tu, Mzee. Tutaenda naye."

Hakusema kwa hasira. Alisema kwa upole... na hiyo ndiyo iliyoniuma!

Ninyi waume wenye watoto wadogo, nawasihi: mkiwakuta wake zenu wamekaa na wenzao, msiwatawanye. Mama hawezi kuwa mahali pawili. Na ukikosa, kiri siku hiyo hiyo, mbele ya watu wale wale. Mimi nimengoja hadi wale wazee wote wamekufa. Basi nawaambia ninyi: Rael hakumtupa mtoto wake. Ni mimi niliyewafukuza waliokuwa wakimlinda.